Lancia Stratos: kilo 980, ubingwa wa dunia mara tatu, na Safari iliyowashinda Waitalia

Fiba_Kunduchi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Leo tuziache Crown na Subaru zipumzike. Kuna gari moja la Kiitalia limenikosesha usingizi wiki nzima, na kwa kuwa nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza tena, nimelileta huku.

Mimi ni mtu wa boti. Nachapa fibaglasi Kunduchi, mwaka wa kumi na nne huu. Mteja mmoja aliniletea picha ya gari kwenye simu, akauliza kama naweza kumtengenezea bodi lake. Nikacheka. Kisha nikaanza kusoma, kicheko kikakata. Gari lenyewe ni Lancia Stratos HF. Mbele na nyuma ni fibaglasi tupu, katikati kizimba cha chuma, injini ya Ferrari, na mzigo mzima una kilo 980.

Tuanzie lilikotoka. Mwaka 1970, kwenye maonyesho ya magari ya Torino, karakana ya Bertone ilileta kitu kinaitwa Stratos Zero. Mchoraji alikuwa Marcello Gandini, yuleyule wa Lamborghini Miura, na muda si mrefu akaja kuchora Countach. Zero ilikuwa na kimo cha sentimita 84. Pima meza yako ya kulia chakula, utapata kama 75. Sasa waza watu wawili pamoja na injini ndani ya kitu kilichoizidi meza kwa upana wa kiganja. Milango hakina. Kioo cha mbele kinainuliwa, unakanyaga pua ya gari, unaingia kama unaingia kwenye mtumbwi.

Wanasimulia kwamba Nuccio Bertone mwenyewe, mwenye karakana, aliliendesha hadi ofisi za Lancia, na alipofika getini hakusubiri mlinzi ainue boriti. Alipita chini yake.

Lancia nao walikuwa na shida yao. Mkuu wao wa mashindano, Cesare Fiorio, alikuwa akitegemea Fulvia, kigari kizuri cha kuvuta kwa tairi za mbele, lakini umri ulikuwa unakimbia. Desturi ya rali siku zile ilikuwa moja: unachukua gari la dukani, unalikaza, unaliongezea nguvu, unalipeleka. Fiorio akataka kinyume chake. Gari lichorwe kwa ajili ya rali tangu karatasi ikiwa tupu, halafu ndipo yatengenezwe ya kuuzia watu kwa sababu kanuni zinalazimisha. Mwaka 1971, Torino tena, Stratos HF ya kwanza ikaonekana, nyekundu ya kuumiza macho. Kutoka kwa Zero ilirithi jina na ukorofi, basi.

Nitaendelea jioni. Nimeshachanganya resini na yenyewe haimngoji mtu.

dereva_wa_zamu

Nimetandika mkeka. Chai na kashata viko pembeni.

Spana_17

Mkuu, hiyo ya kupita chini ya boriti ndiyo chai yenyewe. Tena ya tangawizi.

Fiba_Kunduchi

Ndiyo maana nimesema wanasimulia. Ila boriti ya geti huwa mita moja kwenda juu, gari ni sentimita 84. Hesabu inaruhusu.

Fiba_Kunduchi

Haya, nimenawa mikono. Sasa tuingie ndani.

Watu wakisikia gari jepesi wanawaza kilo. Lakini kilo 980 kwa miaka ile haikuwa ajabu. Mini ilikuwa nyepesi kuliko hapo kwa mbali sana. Cha kutazama kwenye Stratos ni hizo kilo zimekaa wapi.

Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2180. Suzuki Jimny ya milango mitatu ina 2250. Yaani Jimny, tunayoitania kila siku kwa ufupi, inaishinda Stratos hapo. Urefu wote ni mita 3.71, kimo mita 1.11, lakini upana mita 1.75. Litazame kutoka juu: ni kipande cha mkate wa boflo.

Injini iko nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma, imelazwa kwa upana kama ya Vitz. Dereva na msoma ramani wamebanwa mbele yake, magoti karibu na tairi. Springi ni za vikono viwili, cha juu na cha chini, tairi zote nne. Kila kizito kimesukumwa katikati.

Faida yake ni nini? Wale waliowahi kumwona muuza maji wa mzega wataelewa haraka. Mti begani, debe la maji kila ncha, jumla kilo arobaini. Sasa mwite kwa nyuma ageuke ghafla. Hageuki ghafla. Madebe yanataka kuendelea na safari yao, na akishafaulu kuyageuza, kuyasimamisha nayo ni kazi nyingine. Chukua kilo zilezile arobaini, zifunge mgongoni kwa mbeleko. Unageuka kama umeitwa kwenye ngoma, na hakuna hata kilo moja iliyopungua. Gari lenye injini puani na mizigo butini ni mzega. Stratos ni mbeleko.

Ubaya wake unatoka hapohapo. Kinachogeuka upesi kinazunguka upesi pia. Gari fupi vile halikupi onyo. Mkia ukianza kutoka, ukiutambua umeshachelewa. Kwenye kona za milimani lilikuwa jini, kwenye barabara iliyonyooka na mbovu dereva hana hata sekunde ya kupumzisha mikono.

Mwl_wa_Fizikia

Umenifundishia nusu ya mada kwa debe mbili, nitaiba mfano huu Jumatatu. Niongeze kitu kimoja. Mzigo ukiusogeza mbali na katikati mara mbili, ugumu wa kuugeuza hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwa hiyo sentimita chache za kuisogeza injini zina faida kubwa kuliko kutoboa matundu kwenye kila bati ili kupunguza kilo.

Kona_Kali

Mleta uzi unaandika vizuri lakini hapo kwenye springi umeteleza. Mbele sawa, vikono viwili. Nyuma ya gari lililouzwa hakuna vikono viwili. Kuna nguzo ya shokapu imesimama wima na mkono wa chini. Vikono viwili nyuma vilikuwa kwenye magari ya majaribio. Mojawapo ndilo Sandro Munari, dereva wa Lancia, alikwenda nalo Tour de Corse, rali ya kisiwa cha Corsica, mwezi Novemba 1972, shindano la kwanza kabisa la Stratos, na halikumaliza. Sehemu ya nyuma ndiyo iliyowatesa. Baada ya hapo wakabadilisha, na nguzo zikawapa nafasi ndefu zaidi ya tairi kupanda na kushuka.

Na usimsahau Mike Parkes. Mwingereza, mhandisi, aliwahi kuendesha magari ya mashindano ya Ferrari. Alikuwa mmoja wa waliolihangaikia gari hili likiwa bado bichi.

Fiba_Kunduchi

Umenibana, nakubali. Nilisoma maelezo ya gari la majaribio nikayabandika kwenye la dukani. Wakuu, msome ya Kona_Kali, ya kwangu muifute.

Spana_17

Injini ya Ferrari ipi? Na kuna mtu aliniambia ni ya chuma, si alumini. Gari jepesi, injini ya chuma? Mbona kama haviendani.

Fiba_Kunduchi

Ni V6, yaani silinda sita, ya Dino, jina la mtoto wa Enzo Ferrari aliyefariki kijana mwaka 1956. Sentimita za ujazo 2418, silinda zimeachana kwa nyuzi 65, kabureta tatu za Weber, nguvu za farasi 190 kwenye mizunguko 7000 kwa dakika kwa lile la barabarani. Na ni kweli, bloku ni ya chuma cha kusubu. Dino ya kwanza ya lita mbili ilikuwa na bloku ya alumini, walipoikuza kufika 2.4 wakarudi kwenye chuma, vichwa vikabaki alumini. Inaongeza kilo, lakini zinaongezeka palepale katikati, kwenye mbeleko. Mwalimu keshatupa hesabu.

Kuipata ndiyo ilikuwa kazi. Mwaka 1969 Fiat waliichukua Lancia, na mwaka huohuo wakanunua nusu ya Ferrari. Kwa karatasi ni ndugu wa nyumba moja. Lakini mnajua ndugu wa nyumba moja. Injini hiyohiyo Ferrari walikuwa wanaifunga kwenye Dino 246, gari lao la kuuza, na mzee Enzo hakuwa na haraka ya kumgawia mwingine. Dino 246 ilipofika ukingoni mwaka 1974 ndipo injini zikapatikana za kutosha.

Bodi zilitengenezwa kwa Bertone, Grugliasco, magari yakaenda kukamilishwa kiwanda cha Lancia cha Chivasso. Kanuni za kundi walilotaka kushindania, Group 4, zilidai magari ya kuuzwa kwa mamia. Stratos zilizotoka zinahesabiwa 492. Sasa fikiria kuliuza: viti viwili, halina pa kuweka sanduku la maana, na dunia ndiyo kwanza imetoka kwenye mgogoro wa mafuta wa 1973. Mengine yalikaa kwa wauzaji miaka. Leo wenye nayo hawakusalimii.

binti_wa_gereji

AC ipo?

Fiba_Kunduchi

AC ni kioo cha mlango, kikikubali kushuka. Na hicho kioo kina hadithi yake, ngoja nifike.

Sasa upande wangu, niruhusuni nichelewe kidogo.

Kwenye boti, ganda la fibaglasi ndilo linabeba kila kitu: injini, watu, kishindo cha mawimbi. Ndiyo maana nalichapa tabaka juu ya tabaka, na chini kwenye mkuku naongeza tena. Kwenye Stratos fibaglasi haibebi chochote. Chuma cha katikati ndicho kinachobeba: sakafu, nguzo, paa, na kizimba cha kuwalinda watu kikiwa sehemu ya mwili wenyewe, si cha kuongezwa baadaye. Kutoka hapo kuna fremu kwenda mbele na nyingine kwenda nyuma za kushikilia springi na injini. Fibaglasi ni kanga tu, inasitiri. Kwa hiyo inaweza kuwa nyembamba.

Na kanga inavuliwa. Kipande chote cha mbele kinafunguka, chote cha nyuma kinafunguka, gari linabaki mifupa. Kwenye rali mafundi wanapewa dakika, si saa. Gia boksi, klachi, shokapu, kila kitu mkono unafika bila kuinama chini ya kitu. Dereva akigonga mti na pua ikapasuka, hujaharibu gari, umeharibu nguo. Mimi nikigonga mwamba na boti, hiyo ni kesi nyingine.

Kioo cha mbele sasa. Hiki ndicho kilichonifanya nisitishe kazi siku nzima. Kimezunguka mbele ya dereva kama kioo cha helmeti, nguzo za pembeni nyembamba mno. Lakini chunguza mkunjo wake. Chukua pipa la mafuta, kata kipande cha ubavuni: kimejikunja upande mmoja tu, juu na chini kimenyooka. Ndivyo kilivyo kioo cha Stratos, kipande cha duara la kipimo kimoja kutoka kona hadi kona. Kioo kilichojikunja pande mbili kama bakuli kinapinda unachokiona, na dereva anayekwenda usiku milimani kwenye theluji hataki barabara ipinde mara mbili. Gandini alilichora gari zima likafuata hicho kioo. Mpaka leo sijui alianza na kipi.

Milango: hakuna mashine ya kupandisha kioo. Kioo kimeshikwa kwenye pembe moja, kinazunguka kwenda chini, unakikaza kwa kitasa cha kuzungusha kwa mkono. Kwa kuwa hakuna mashine, ndani ya mlango kumebaki uwazi mkubwa, na uwazi ule umetengenezwa helmeti itoshe. Umevua helmeti kwenye barabara ya kawaida, unaiweka mlangoni. Kitu kimoja kimeondolewa, kingine kimepata nyumba.

Kuona nyuma, sahau.

dereva_wa_zamu

Helmeti mlangoni! Mimi kwenye basi sina hata pa kuweka chupa ya maji.

Kona_Kali

Niweke matokeo basi, maana watu wanaweza kudhani tunasifia sanamu. Ushindi wa kwanza ulikuwa Hispania mwezi Aprili 1973, Munari. Oktoba 1974 likapata kibali cha Group 4, mwezi uleule akashinda rali ya Sanremo, Italia. Ubingwa wa dunia wa watengenezaji ukaenda Lancia 1974, 1975 na 1976. Rali ya Monte Carlo, Munari akaichukua 1975, 1976 na 1977, mfululizo. Magari ya mashindano yalipewa vichwa vya valvu 24 badala ya 12, na hapo farasi wakapita sana wale 190.

Halikuuawa na mpinzani. Liliuawa nyumbani. Fiat walikuwa na 131 ya kuuza, gari la familia, wakaona ni heri watu walione hilo likishinda kuliko Stratos ambayo hakuna aliyeinunua. Pesa ikahamia huko. Lakini magari yaliyobaki mikononi mwa timu za watu binafsi hayakukubali kufa: Bernard Darniche alishinda Monte Carlo 1979, akamzidi Björn Waldegård kwa sekunde sita, na mwaka 1981 akashinda Tour de Corse. Gari la mchoro wa 1971!

Pwani_Raha

Na Safari Rally ya Kenya ya 1975 hamuitaji? Walishinda, babangu alikuwa Nairobi siku hiyo, alinambia.

Fiba_Kunduchi

Mkuu, heshima kwa mzee, ila hapana. Pasaka ya 1975 mshindi alikuwa Ove Andersson na Peugeot 504. Munari wa pili, Waldegård wa tatu, wote wawili ndani ya Stratos. Labda mzee aliliona likipita akaamua moyoni, na simlaumu.

1976 akashinda Joginder Singh, mwana wa Kericho, na Mitsubishi Lancer. Ilikuwa mara yake ya tatu baada ya 1965 na 1974. 1977 Waldegård akashinda, lakini ameshahamia Ford Escort. Rauno Aaltonen na Datsun wa pili, Munari na Stratos wa tatu. Basi. Gari lililochorwa kwa ajili ya rali halikuwahi kuishinda Safari.

Na hapa ndipo uzi wote ulipokuwa unaelekea. Peugeot 504 ina milimita 2740 kati ya ekseli na ekseli. Stratos 2180. Tofauti sentimita 56.

Njooni baharini. Mtu akinijia anataka kiboti kifupi cha kuzungukazunguka bandarini, kati ya mashua zilizotia nanga, namfanyia kifupi na kipana, kinageuka papo kwa papo. Akisema anataka kwenda Mafia kila wiki, namkatalia hicho kifupi. Kwa nini? Kifupi kinaingia kati ya wimbi na wimbi. Pua inazama mkia unapanda, mkia unazama pua inapanda, saa nane, kumi, mpaka abiria wametapika na skrubu zimelegea. Chombo kirefu kinalala juu ya mawimbi mawili kwa pamoja, kinakatiza.

Barabara za Safari zilikuwa bahari. Maelfu ya kilomita kwa siku chache, mabonde, madaraja ya maji, udongo ulioliwa na mvua, na ni Pasaka, masika ndiyo yanaanza au yameshachachamaa. Kona za Monte Carlo ambazo mbeleko ilitengenezewa ni chache. Zilizobaki ni kunyooka na kupigwa.

Kona_Kali

Hapo sikubali moja kwa moja. Nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975, ya tatu 1977, huko siyo kushindwa kwa mchoro. Gari lisilofaa haliwezi kumaliza Safari mara mbili kwenye jukwaa. Safari iliamuliwa na pancha, na tope, na ng'ombe, na nani kampata mwenyeji wa kumwambia mto gani umejaa. Ufupi ulikuwa tatizo, sawa, lakini usiufanye ndiyo kila kitu.

Fiba_Kunduchi

Nakubali nusu. Lakini nikuulize: Lancia walirudi wakashinda Safari lini? 1988, Miki Biasion, na Delta Integrale. Akarudia 1989, Juha Kankkunen akaongeza ya 1991. Na Delta ni nini? Gari la familia la milango mitano, umbo la sanduku la viatu, likakazwa na kupewa nguvu kwenye tairi zote nne. Yaani walirudi kwenye desturi ileile ambayo Fiorio aliikimbia, na mwaka 1988 Fiorio mwenyewe ndiye alikuwa bosi wa timu.

Kona_Kali

Tairi nne zikivuta ni hoja kubwa kuliko sentimita 56, mkuu. Unajaribu kuniuzia boti.

Fiba_Kunduchi

😂 Kweli nimezidisha. Tairi nne zinavuta, na miaka kumi na zaidi imepita katikati. Lakini boti bado nauza.

binti_wa_gereji

Tuachane na Safari. Yule mteja wako umemjibu nini? Bodi unamtengenezea?

Fiba_Kunduchi

Nilimpa jibu la kweli. Wanaoiga gari hili wapo, Uingereza kuna Hawk na Lister Bell, na Lister Bell wanafunga V6 ya Alfa Romeo kwa sababu ya Dino utauza nyumba. Kwa hiyo linawezekana. Pua naweza. Mkia naweza, hata kile kibawa cha juu ya paa. Chuma cha katikati kuna jamaa Keko nawaamini, tungekaa tuchore. Kioo cha mbele ndiyo siwezi, na simjui anayeweza hapa mjini. Plastiki ya kukunja ipo, lakini baada ya mwaka mmoja wa vumbi na waipa itakuwa kama maziwa.

Akasema basi tubadilishe kioo, tuweke cha gari jingine. Nikamwambia ukibadilisha kioo hicho unabadilisha paa, ukibadilisha paa unabadilisha milango, na ukishafika milangoni si Stratos tena, ni gari langu mimi na wewe. Amekwenda kufikiria. Ameniachia picha.

Mzee_wa_Mwatate

Nimesoma kimya kimya tangu jana. Vijana mwaandika vyema.

Mimi ni wa Taita. Pasaka moja ya miaka ile, sikumbuki ya ngapi, tulilala nje ya nyumba sisi watoto kungoja magari ya Safari yapite. Mama alikuwa amefunga mbuzi wote ndani, na sisi alitaka kutufunga vilevile. Zilipita Datsun, zikapita Peugeot. Peugeot tulizijua, mwalimu mkuu wetu alikuwa nayo. Kisha ukaja mlio ambao hatukuwahi kuusikia. Mwingine alisema ni ndege imeshuka. Taa zilikuwa chini sana, tukadhani ni mtu amebeba tochi anakimbia. Likapita jeupe lina rangi ya kijani ubavuni, fupi kama kiatu. Lilipofika kwenye kona ya mwembe halikupunguza mwendo kama mengine. Lilijipinda mara moja, likawa halipo. Vumbi ndilo lilibaki linazunguka.

Tuliliita Kiatu tangu siku hiyo. Hadi leo nilikuwa sijui jina lake.

Fiba_Kunduchi

Shikamoo mzee wangu. Nyeupe na kijani, hizo ni rangi za Alitalia, ni lenyewe hilo. Mzee, na barabara ile ilikuwaje? Lilikuwa linarukaruka kama nilivyosema au nimewadanganya watu?

Mzee_wa_Mwatate

Marahaba mwanangu. Kwenye kona halikuruka. Ila kabla ya kona pana mteremko ulionyooka, una makorongo ya maji, na kule lilikuwa likiinua pua na kushuka, pua na kushuka, zile taa zikituangaza sisi, kisha miti, kisha sisi tena. Ndiyo maana tukasema ni mtu anakimbia na tochi.

Fiba_Kunduchi

Kona_Kali, umesoma?

Kona_Kali

Nimesoma. Mzee, na lile la mwalimu mkuu, yaani Peugeot, lilipita vipi hapo kwenye makorongo?

Mzee_wa_Mwatate

Peugeot taa zilikuja zimetulia. Hatukuziinukia.